Mkono wa Gauni Niliopima Mara Moja

Asubuhi yetu ya mwisho, mke wangu, fundi cherehani, aliona programu yake ya bure ya kuchora vipimo vya nguo imetoa mchoro wa mkono wa gauni ulio mfupi kuliko vipimo alivyoweka. Akataka kuwaarifu walioitengeneza.

“Baba watoto, wewe seremala, futi yako haidanganyi. Nichapishie mara tatu, upime kila karatasi.”

“Cha bure nacho unakilalamikia?”

“Silalamiki. Nawasaidia.”

Nilifungua programu, nikachapisha mara moja, nikapima, nikamwambia zote tatu zimepungua sentimita mbili. Chai ilikuwa inapoa. Akaniamini, akaandika, akatuma. Jioni moyo wake ukasimama.

Baada ya arobaini, binti yetu alinisomea jibu lao: wamejaribu mara nyingi, kosa hawalioni, wamefunga taarifa. Nikawasha kompyuta, nikachapisha tatu. Ya kwanza ilipungua. Mbili zilikuwa sawasawa. Kumbe kosa hutokea mara ya kwanza tu, kila programu inapofunguliwa upya.

Nilimfanya mke wangu aonekane mzushi kwa watu wasiomjua. Binti amewaandikia upya, na uongo wangu nimemwambia autaje. Asubuhi ile, akinipa karatasi, mke wangu alisema: “Niambie ulichokiona, mzee, si unachokidhani.”