Dagaa wa Mama

Binti yangu anasomea kompyuta. Juzi aliniuliza ni biashara gani ina shida ambayo programu ingeitatua. Nikamsimulia habari za bibi yake.

Masika moja ya miaka ya tisini, mama alileta dagaa wakavu kutoka Karema, kule ziwani, akakuta soko la Kashaulili hapa mjini limefurika dagaa. Hakuna aliyemgeukia. Mvua ikawaloanisha, wakaoza, tukawamwaga nyuma ya vibanda. Jioni hiyo abiria aliyeshuka basi la kutoka Inyonga akatuambia kwao dagaa hakuna kabisa, watu wanakula ugali kwa chumvi. Mama alikaa juu ya gunia tupu, akalia mbele za watu. Sokoni hakurudi tena.

“Jamani baba, si angepiga simu tu aulize?”

Hasira zikanipanda. Simu gani, we mtoto, miaka ile? Nikatoka nje kulia, maana alisema kweli. Simu moja tu ingemwokoa, na hatukuwa nayo.