Kioo Kilicholowa kwa Ndani

Sikiliza, wewe unayefuta kioo cha dirisha kila asubuhi na kukikuta kimelowa tena. Juzi nilimkuta binti yangu akifanya hivyo nyumbani kwake, mtaa wa Cheyo, nikakumbuka alasiri moja ya mvua nilipokuwa mtoto.

Nyumba ilinukia maharage yaliyokuwa yakichemka. Nguo mbichi zilining'inia sebuleni, na chini ya dirisha kulikuwa na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa. Kaka yangu angeondoka nao kesho yake kurudi shule ya bweni Igunga. Matone yakatiririka kwenye kioo na kuudondokea mfuko. Niliamini mvua inapenya kioo, nikaziba kila upenyo kwa matambara. Kioo kikazidi kulowa.

Mama aliporudi alisimama mlangoni. "Mbona umetufungia kama asali kwenye debe?"

"Mvua inaingia, mama. Michembe ya kaka itaoza."

Alicheka, akapitisha kidole kwenye kioo. "Mvua iko nje, mwanangu. Huu ni mvuke wa maharage yetu na nguo zetu. Umekosa pa kutokea, ukakutana na kioo cha baridi, ukageuka maji."

Akayatoa matambara, akafungua madirisha mawili yanayotazamana, akafunika sufuria na kuzihamishia nguo barazani. Upepo ukapita na harufu ya udongo. Maharage yalipoiva kioo kilikuwa kikavu, na michembe ilikuwa imetandazwa kwenye ungo, salama.

Nawe leo, kabla ya kushika kitambaa, funika sufuria, kisha fungua madirisha mawili yanayotazamana.