Kanali wa Mifupa na Askari Wasiojua Kukataa

Jumatano, saa tatu asubuhi, sajini mkufunzi wa gwaride alikuwa amelala kitanda cha saba katika wodi ya mifupa ya hospitali ya jeshi. Fomu ya ridhaa alikuwa ameshaisaini. Kesho yake mguu wake wa kushoto ungekatwa chini ya goti. Miezi tisa nyuma lori lilipinduka naye mazoezini. Mfupa wa ugoko ulivunjika vipande vitatu, akapasuliwa mara tatu katika hospitali nyingine, na bado haukuunga. Usaha ulitoka kwenye tundu dogo juu ya kifundo.

Daktari bingwa aliyependekeza mguu ukatwe, mwanamke mwenye cheo cha kanali, alifika kitandani na koti jeupe lisilo na nyota wala alama yoyote begani.

"Sajini, kesho tunakata wa kulia, siyo?"

Sajini alikaza mikono ubavuni kama aliyesimamishwa mguu sawa, ingawa alikuwa chali. "Ndiyo, afande!"

Sista mkuu wa wodi alishusha pumzi. "Haya. Mwingine huyo."

Kanali alitoa kalamu, akalifuta jina la sajini kwenye orodha ya upasuaji, akahamia kitanda cha nane.

Katika wodi hiyo kuna sheria moja ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha jeshi: mgonjwa haingii chumba cha upasuaji kabla hajamwambia kanali "hapana" walau mara moja. Kanali huuliza makusudi swali lenye kosa, kisha husubiri. Wengine hurekebisha papo hapo. Wengine huchukua siku mbili. Koplo mmoja wa kiume, aliyevunjika kiwiko, aliulizwa kama amekuja kujifungua. Akajibu, "Ndiyo, afande!" Wodi nzima ilimpongeza kwa wiki mbili, na kuna waliomuuliza mtoto anaitwa nani.

Kanali ana miaka ishirini na tisa jeshini. Aliingia kwa sababu jeshi lilikuwa linatafuta madaktari na yeye alikuwa anatafuta pa kusomea upasuaji. Hana hadithi tamu zaidi ya hiyo. Mwaka wake wa kwanza alikuwa na kilo hamsini na moja. Aliletewa askari bondia ambaye nyonga yake ilikuwa imeteguka, na wanaume wawili walikuwa wameshaivuta bila mafanikio. Alivua viatu, akapanda kitandani, akaliinua paja la bondia na kuvuta kwa mgongo wake wote hadi nyonga ikarudi mahali pake kwa mlio uliosikika kwenye korido. Toka siku hiyo askari humwita Winchi, kama mashine ya kuvutia magari yaliyokwama. Humwita hivyo akiwa hayupo.

Sheria yake ilizaliwa na kosa. Alikuwa kapteni katika hospitali ya mahema, siku yenye majeruhi kumi na wanane. Askari kijana alikuwa ameanguka kutoka kwenye gari, magoti yote mawili yamevimba, na katika goti moja kipande cha mfupa kilikuwa kimebanduka. Picha ya eksirei ilikuwa imetundikwa kinyume. Kapteni alishika goti la kulia.

"Ni hili, siyo?"

"Ndiyo, afande!"

Akalifungua. Ndani hakukuta kitu. Goti lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Kijana alipoamka, kapteni alimweleza alichofanya, akamuuliza kama yeye mwenyewe alijua ni goti lipi.

"Nilijua, afande. La kushoto."

"Sasa mbona ulikubali?"

"Afande, si wewe ndiye uliyesema ni hili?"

Alijiripoti mwenyewe siku hiyohiyo. Alipewa onyo la maandishi, na cheo cha meja kilimkawilia miaka miwili. Wenzake walilaumu aliyetundika picha. Yeye alilaumu swali. Askari, husema, amefundishwa kwamba mkubwa hakosei, na mafunzo hayo hayavuliwi pamoja na buti mlangoni mwa wodi. Ndiyo maana alama za cheo huziacha ofisini, ingawa hilo halisaidii sana; sauti yake ina nyota zake.

Si mtu rahisi. Wauguzi wamewahi kulia baada ya kukaripiwa naye kwa vidole visivyooshwa vizuri. Mumewe, mwalimu wa hesabu, anaiona sheria ya wodi kama kichekesho. "Mimi nimemwambia hapana kwa miaka ishirini na sita," anasema, "na hajanipasua hata mara moja."

Alhamisi, siku ambayo mguu ungekatwa, sajini alikuwa bado kitanda cha saba. Sista mkuu alipomfunga bandeji alimsema.

"Sajini wangu, wewe unapigia kelele watu sitini uwanjani. Hapa unanong'ona nini?"

"Sista, kanali ameshaandika mguu ukatwe. Nani atabishana na kanali?"

"Mwenye mguu."

Kanali alipopita, aliuliza tena kama ni wa kulia. Sajini alitazama dari.

"Hapana, afande. Ni wa kushoto."

"Vizuri. Kesho basi."

"Hapana, afande."

Hilo la pili halikuwa kwenye utaratibu. Kanali alivuta kiti, akaketi, jambo ambalo sista anasema hulifanya kwa nadra. Alimweleza wazi: akikatwa, baada ya miezi minne atatembea kwa mguu wa bandia. Akibaki nao, ni mwaka mzima wa vyuma, na huenda mwishoni ukakatwa vilevile. Tena unyayo umekufa, hausikii kitu, na mguu usiosikia ni jiwe la kuburuta.

"Unawasha, afande."

"Nini kinawasha?"

"Unyayo. Hasa mchana, joto likipanda."

Kanali alifungua faili. Ukurasa wa pili, kwa mwandiko wa daktari wa hospitali ya kwanza: unyayo hauna hisia. Alimuuliza sajini alipimwaje.

"Daktari wa kule, meja, aligusa, akasema, 'Hapa husikii, siyo?' Nikasema ndiyo."

"Na ulikuwa unasikia?"

"Kidogo, afande."

Kanali alimfunika macho kwa taulo, akatwaa kifuniko cha kalamu, akaanza kugusa. Sajini alitaja kila mahali: kisigino, katikati, kidole gumba. Kisha akanyamaza, akakunja uso. "Hapo hujagusa, afande."

Kweli, alikuwa hajagusa.

Kanali, aliyewakataza madaktari wadogo kwa miaka mingi kuuliza maswali ya namna ile, alikuwa ameiamini ndiyo iliyokusanywa na mwingine, na hakuushika unyayo ule kwa mkono wake. Mbele ya madaktari wanafunzi watatu alisema, "Pendekezo langu lilikuwa baya. Mguu huu haukatwi." Kisha akaliandika faili upya, kosa lake likiwa mstari wa kwanza.

Upasuaji ulichukua saa sita. Aliondoa sentimita sita za mfupa uliooza, akauzungushia mguu pete nne za chuma zilizoshikwa na nyaya nyembamba, akaukata mfupa wenye afya juu ya pengo ili kipande chake kisogezwe taratibu kuliziba. Sajini alipewa spana ndogo. Kila baada ya saa sita alizungusha nati robo milimita, kwa siku sitini na zaidi, na mfupa mpya ukaota nyuma ya uliokuwa ukisogea. Mara mbili matundu ya nyaya yaliingia uchafu, yakatunga usaha. Mara moja alitupa spana ukutani na kuomba akatwe. Kanali aliiokota, akamrudishia, akamwambia aombe tena Jumatatu kama bado anataka. Jumatatu hakuomba.

Pete zilitolewa mwezi wa kumi na moja baada ya upasuaji. Mguu umepungua sentimita moja, na kifundo hakikunjiki kama zamani. Hatakimbia. Kamati ya afya ya jeshi ilitaka kumstaafisha. Kanali alikwenda mwenyewe na picha zote kumi na nne za eksirei, akajibu maswali kwa saa nzima, na sajini akabakizwa kama mkufunzi.

Siku hizi hufundisha kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, soli ya kiatu cha kushoto ikiwa imeongezwa na fundi viatu wa kikosi. Hupita mbele ya safu akichechemea kidogo, akikagua vifungo na kola, na hufika mwisho wa mstari bila fimbo.