Pampu Ile Ile

Juzi kijana wangu alikuwa uani akibadilisha kompresa ya AC ya gari. Mimi niliishia darasa la nne, lakini injini haijawahi kunishinda. Mlio wa spana yake ulinirudisha utotoni, nyumbani Gare.

Mama alikuwa ndani, uchungu wa kujifungua umemzidi. Ilibidi apelekwe hospitali. Baba, dereva wa gari la kijiji cha ujamaa, alikuwa ameiinamia injini, ananuka grisi, pampu ya maji imekufa. Shangazi akatoka.

"Kaka, bado tu?"

"Nakaza, dada. Nakaribia."

Akatoka tena, akajibiwa vile vile. Nikadhani pampu ni kazi ngumu sana, na baba anaiweza.

Leo najua pampu ni kazi ya saa mbili. Mpya haikuwepo, si Soni wala Tanga. Mchana kutwa baba alikuwa akifungua ile ile mbovu na kuirudisha, mikono isikae bure.

Mara ya tatu shangazi alitoka macho mekundu. Aliichukua spana mkononi mwa baba, akaifuta grisi kwa khanga yake.

Nikafurahi. Nilidhani gari limepona, na mama atafika hospitali.