Isolo ya Kwa Tupokigwe

Mwaka sabini na sita Tupokigwe alifiwa na mumewe, lakini hakurudi kwao Tukuyu. Alibaki hapa Mwanjelwa, akafungua kibanda cha chai ubavuni mwa meza yangu ya ndizi. Baba mkwe wake, Mzee Asukile, akamtumia salamu: jaribu, ila nikisikia kibanda kimelala, unarudi nyumbani kukaa kwa shemeji yako. Huyo shemeji sitaki hata kumsema. Tupokigwe alikuwa radhi afe na moshi wa kuni kuliko kuishi chini ya yule mtu.

Sasa chai ni chai, jamani. Yotamu wa ng'ambo ya barabara alikuwa na redio, lakini ilisema yale yale yanayosemwa na redio ya kila mtu. Mchezo wa keram nao ulikuwa kila baraza. Jioni namwona Tupokigwe anamwaga chai iliyobaki, naumia, maana alikuwa anaijua chai yule.

Aliyebadili mambo ni Budeba, Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake. Kila akija mjini kuuza mpunga alibeba ubao mzito uliochongwa vishimo. Hiyo ndiyo isolo, jamaa yake bao, ila inachezwaje walijua wenyewe. Siku moja akachoka kupanda nao lori.

"Mama, niwekee hapa."

"Nitakuwekea," Tupokigwe akamjibu, "lakini hautoki hapa. Anayetaka kucheza aje."

Weee, walikuja! Kwanza Wasukuma wenzake, wanasalimiana "Mwadila! Mwadila!" mpaka sisikii bei ninayotaja. Kisha Wasafwa na Wanyakyusa wakasimama kutazama, wakafundishwa, wakanogewa. Anayesubiri zamu hakai hivi hivi, anaagiza chai. Redio ya Yotamu ikabaki inajisemesha. Yotamu akaja mwenyewe, mpole ajabu, kuuazima ule ubao.

"Kaka, nikikuazima huo nimekuazima na wateja," Tupokigwe akacheka.

Nilimwona mchoyo, nikamwambia. Akasema, "Damari, nina kitu kimoja tu ambacho wengine hawana." Nimeliwaza sana neno lile. Hakuna aliyekuja kufuata chai, lakini bila isolo nani angejua kwamba ni nzuri?

Shida ni kwamba sifa za isolo zilipanda milima mpaka Tukuyu, na Mzee Asukile ni mcheza bao.

Asubuhi moja tukasikia anakohoa barabarani. Kwa asiyetujua: sisi Wanyakyusa, mke hatazamani na baba mkwe wala hasemeshani naye, hata mume akifa. Tupokigwe akajitupia kanga kichwani, akang'oa ncha moja ya ubanzi wa ukuta wa nyuma, akapita kwa tumbo, akaniachia birika. Mzee akaingia, akaketi mbele ya Budeba. Akaganda hapo.

Budeba, mila zetu hazijui, akawa anapaza sauti: "Mama wa chai! Umepotelea wapi? Watu wana kiu!" Mimi namkonyeza, yeye ananiuliza kama nimeingiwa na mdudu jichoni.

Nyuma ya ubanzi Tupokigwe akaninong'oneza. "Damari, ataona kibanda hakina mwenyewe. Nimekwisha."

Nikahangaika peke yangu. Moto ukafifia, maandazi yakaungua, wateja wakaanza kunung'unika. Wengine wakavuka kwa Yotamu, na mzee akawatazama wanavyovuka. Nililia kwa hasira, nikailaani isolo na aliyeichonga. Mwenzangu alikuwa ameita watu kwa akili zake zote, na sasa mmoja wao ndiye anayemfukuza.

Budeba alimfunga mzee, akamfunga tena. Jua lilipoanza kushuka, mzee akainuka, akakung'uta koti. Akanitazama mimi, lakini sauti aliipaza kama ya kanisani.

"Binti, mwambie mwenye kibanda kwamba Jumamosi narudi. Huyu Msukuma siwezi kumwacha hivi."

"Nitamwambia, baba."

Akageuka, akauangalia ule ubanzi unaoning'inia.

"Na mwambie atafute fundi amtobolee mlango wa nyuma. Mkwe wangu hawezi kuwa anatoka kwa tumbo kila nikija."