Nilivyomficha Mama Kulwa Habari za Kiwanda

Ipo siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Nilikuwa mwenyekiti wa wafanyakazi katika kiwanda cha nguo pale Nyakato, miaka ile viwanda vya serikali vilipokuwa vinauzwa kwa watu binafsi. Meneja aliniita ofisini, akafunga mlango. Mnunuzi amepatikana, akasema, na nusu ya watu watapunguzwa.

"Wewe utabaki, tena utakuwa msimamizi. Ila wenzako wasijue mapema, wasije wakagoma."

Nikakubali. Nilikuwa kijana, na cheo kilinipendeza kuliko ninavyoweza kukueleza.

Jioni hiyo Mama Kulwa alinisubiri getini. Mama huyu wa mapacha, mfanyakazi mwenzangu, ndiye aliyesimama mkutanoni kupendekeza jina langu niwe mwenyekiti.

"Mwenyekiti, dada yangu ananiita Sengerema. Ana shamba la kunipa, na mvua zimekaribia. Hapa tunasikia maneno mengi. Niende au nibaki?"

"Baki, mama. Kazi ipo."

Akanishukuru. Hapo ndipo panaponiuma zaidi.

Mvua zilipokuwa zinaisha, majina ya waliopunguzwa yakabandikwa ukutani. La kwake lilikuwepo. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye mashine yangu.

"Ulijua?"

Nikainamisha kichwa.

"Ungeniambia tu, ningelima," akasema taratibu, bila kugombana.

Wiki ile ile alivuka ziwa kwa kivuko cha Busisi na wanawe, kwenda kwa dada ambaye shamba alikwisha kumpa mtu mwingine. Mimi cheo nilikipata. Lakini kila nilipowakaribia wenzangu, mazungumzo yalikatika.

Miaka ikapita ndipo nikapata ujasiri wa kumfuata Sengerema, kumwomba radhi. Alinikaribisha vizuri, akanipikia ugali na sato.

"Nilishakusamehe zamani," akasema. "Ila kukuamini tena, hapana."

Chakula kile nilikila kwa shida, mwanangu.

Sasa nawe wenzako kazini wamekuchagua uwaongoze. Habari mbaya wafikishie mapema, kwa mdomo wako mwenyewe, hata kama utapoteza kiti. Pengine nisingeokoa kazi ya mtu hata mmoja. Lakini msimu mmoja wa kulima ningeweza kumpa yule mama, nikamnyima.

Mungu akupe moyo ambao mimi sikuwa nao siku ile. Na asiwepo mtu atakayejuta kwamba alikuja kukuuliza.