Meno ya Bi Mauwa na Sikio la Bi Tabu

Mama yangu ni mbishi, na ninaanza na hilo ili asije mtu akasema nimemsingizia. Hubishana na muuza samaki, hubishana na fundi bomba, hubishana na redio. Kwa miaka thelathini na mbili Bi Mauwa amefundisha Kurani kwenye baraza ya nyumba yetu ya Mtoni, huku Temeke, na mtoto aliyepita mikononi mwake haachiwi mpaka kila herufi imekaa mahali pake mdomoni. "Ulimi uguse ncha ya meno," humwambia. "Ncha nimesema, si nyuma."

Mwaka jana aliteleza bafuni. Jino moja la mbele la juu likatoka zima, la pili likakatikia kwenye fizi. Damu ilikoma siku ileile, lakini pengo lile lilimnyang'anya herufi. Zile zinazotaka ulimi uguse ncha ya meno ya juu zilikosa pa kugusa, upepo ukawa unapita tu. Kwenye hitima ya jirani alifika kwenye "alladhina," ikatoka kama mluzi, na upande wa pili wa mkeka Bi Tabu akakohoa.

Kikohozi cha Bi Tabu watu wa Mtoni wanakijua. Yeye naye ana madrasa, mtaa wa pili, na tangu nikiwa mdogo wawili hao wanakosoana. Bi Tabu husema Mama anavuta mno. Mama husema Bi Tabu anasoma kama anafukuzwa na mbwa. Siku ile Mama alifunga msahafu, akampisha mwenzake, na tangu hapo hakusoma tena mbele za watu. Madrasani akawa anasikiliza tu na kugonga meza kwa kidole mtoto akikosea.

Mie ni Naima, mwanawe wa kwanza, karani kwa wakala wa forodha Kurasini. Nikaamua kulimaliza jambo hilo, ila niseme kweli: sikuwa nawaza herufi. Nilikuwa nawaza picha. Mdogo wangu Farhan alikuwa anaoa baada ya wiki tatu, ukweni Tabata, watu wa kujisikia kidogo, na sikutaka mama yetu akae mbele na pengo. Nikaona tangazo kwenye simu: kliniki moja upande wa Kinondoni, tabasamu jipya kwa siku mbili. Nikaomba ruhusa kazini, nikampeleka.

Daktari alikuwa kijana nadhifu, ananukia vizuri. Alimtazama Mama mdomoni dakika mbili, kisha akaongea na mimi.

"Tunamwekea sita ya juu, sista. Yote meupe, yamelingana."

"Mie nimepoteza mawili," Mama akasema kutoka kwenye kile kiti cha kulala. "Hayo manne yamefanya kosa gani?"

"Tunayachonga kidogo, mama, halafu tunayavalisha. Yafanane na wenzake."

"Yakichongwa yanaota tena?"

"Hayaoti. Ila huwezi kuyaona, yanakuwa ndani."

"Kwa hiyo unayala meno yangu mazima ili yafanane na ya bandia." Akanigeukia. "Usinifinye, Naima. Na herufi zangu je, zitatoka?"

"Utazoea, mama. Wote wanazoea."

"Mie nitazoea. Herufi nayo itazoea?"

Daktari akacheka. Hakujua anacheka na nani. Msaidizi wake akaleta karatasi mbili za Kiingereza na kalamu, akaonyesha mahali pa kutia sahihi. Mama akauliza zinasemaje. Akaambiwa ni za kawaida tu, kwamba amekubali.

"Nimekubali nini?"

Msaidizi akaonyesha tena pa kutia sahihi. Mama akaiweka kalamu juu ya trei, katikati ya vile vyuma vyao, akakaa wima.

"Mwanangu, nimelala hapa nusu saa nangoja uniulize kitu kimoja. Nina sukari, huu mwaka wa tisa. Nameza vidonge asubuhi na jioni. Unataka kunichimba fizi utoe mzizi, na hujaniuliza hata kama nimekunywa chai."

Kijana akanitazama mimi, kana kwamba nilimficha. Na mie nikatazama sakafu, kwa sababu sikumficha. Nilisahau. Mama yangu ana sukari, mie ndiye ninayemnunulia dawa, na nilisahau.

Tulirudi na Bajaji tukigombana njia nzima.

"Umeniaibisha, Mama."

"Umeaibika kwa pengo langu au kwa maneno yangu?"

"Kwa vyote!"

"Basi shukia hapa, mie nifike peke yangu na vyote vyangu."

Siku nne hatukusemeshana. Kwetu siku nne ni nyingi.

Ya tano alikwenda mwenyewe hospitali ya serikali, akapanga foleni tangu alfajiri, wala hakuniaga. Jioni akaniita, nikajua amepata la kunikomesha.

"Nimeonana na daktari wa kike, anaitwa Sesilia, mtu wa Bukoba. Kitu cha kwanza kuniuliza ni sukari. Kanipima. Iko juu. Kasema haugusi huo mzizi mpaka ishuke, maana kidonda cha mwenye sukari kinachelewa kupona na kinakaribisha usaha."

Akanieleza yote, na alieleza kama anavyofundisha, kwa kunirudisha nyuma nilipoitikia bila kuelewa. Mzizi ukitolewa, fizi itanywea kwa miezi. Meno ya kudumu yakiwekwa haraka, fizi ikishanywea panabaki uwazi, chakula kinakwama, panaoza chini kwa chini. Kwa hiyo ni kusubiri miezi mitatu. Baada ya hapo yatachongwa meno mawili tu ya jirani, si manne, ili yabebe yale mapya, na hata hayo mawili huenda yakauma kwa baridi, huenda moja likafa ndani kwa ndani, na kazi yenyewe haidumu milele, siku moja itabidi ifanywe upya.

"Yote hayo kakwambia, na bado unataka?"

"Ndiyo nataka sasa, kwa kuwa najua ninachokitaka."

"Na herufi?"

Mama akatabasamu na pengo lake. "Kasema hajui. Kasema yeye hasomi Kiarabu, niende na mtu mwenye sikio, atachonga mpaka mtu huyo aridhike. Daktari mzima ananiambia hajui! Nikamwamini palepale."

Sukari ilishuka, na mzizi ukatolewa siku tatu kabla ya harusi. Nilimlilia avae hata meno ya kuazima, akakataa katakata. Ukumbini Tabata, shangazi wa bibi harusi akamwinamia na kumwuliza kwa huruma ya uongo kama wanawe hawakuliona lile pengo.

"Wameliona," Mama akajibu kwa sauti ya darasani. "Nimeng'olewa mzizi Jumatano, kidonda bado kibichi. Nikufungulie utazame?"

Shangazi wa watu akaiacha sahani yake ya pilau. Mie nilicheka mpaka wanja ukanichuruzika, na ndipo hasira yangu ya kliniki iliponitoka.

Lakini ilipofika kusoma, aliyesoma ni Bi Tabu. Nilimtazama Mama. Midomo yake ilikuwa inafuata kila aya, bila sauti, na mikono ameifumbata mapajani. Nilimwonea uchungu ambao sikuwa nimemwonea tangu ateleze.

Miezi mitatu ile aliishika kuliko sisi tulivyoshika mitihani. Chai bila sukari, halua akaigawa kwa majirani. Asubuhi na jioni alisukutua kwa maji ya chumvi, tena taratibu, maana alikatazwa kusukutua kwa fujo siku za mwanzo. Kila Ijumaa alipima sukari, akaandika kwenye daftari lilelile la mahudhurio ya wanafunzi. Farhan alipomwambia amekonda, akajibu anajijenga.

Siku ya kujaribu meno ilipofika nilikuja kumchukua. Nikamkuta mlangoni amevaa buibui lake jipya, na pembeni yake amesimama Bi Tabu.

"Shikamoo," nikasema, nikimwangalia Mama kwa maswali.

"Marahaba. Mama yako kaniita," Bi Tabu akasema, amekunja uso. "Na mie sijui kudanganya."

"Ndiyo maana nimekuita," Mama akasema.

Daktari Sesilia alisoma karatasi ya ridhaa kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na Mama akauliza kila mstari. Foleni ya nje ikaguna, yeye akaendelea kuuliza. Kisha akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu, bila haraka. Meno mawili ya jirani yakachongwa, juu yake yakawekwa ya majaribio, ya plastiki, ili yarekebishwe kabla ya kutengenezwa yale ya kudumu.

"Soma, Bi Mauwa," daktari akasema.

Mama akasoma sura ya Al-Kauthar. Bi Tabu, amekaa kwenye kiti cha wasindikizaji, macho kayafumba, akakohoa.

"Nene mno," akasema. "Ulimi unagonga ukuta."

Daktari akachonga. Mama akasoma. Kikohozi.

"Sasa inavuja."

Mimi sikusikia tofauti yoyote, na daktari alikiri kwamba naye hasikii, lakini hakuna aliyethubutu kubisha. Akaongeza, akapunguza, akalainisha ncha. Mara ya nne, kikohozi tena. Mama alikuwa na jasho juu ya mdomo uliokufa ganzi nusu, nikasema basi, tuje siku nyingine, akanikata kwa jicho.

Mara ya tano akasoma, aya tatu, mpaka mwisho. Bi Tabu alibaki amefumba macho. Nikangoja kikohozi. Hakikuja.

"Imerudi," Bi Tabu akasema. Akainuka, akajifanya anatafuta mkoba wake, na niliona ncha ya mtandio ikipita machoni. "Imerudi palepale pake. Ila Mauwa, mwisho wa aya bado unavuta mno."

Mama akajiinua kwenye kile kiti, akacheka, meno yote nje.

"Hilo si la daktari, Tabu. Hilo ni langu, na silichongi."